UZI: Bunduki ya babu, mtutu umeandikwa Rigby. Ni Rigby kweli au Mauser ya jeshi iliyochongwa?

Mjukuu_wa_Masindi
Wakuu habari. Babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa askari wa wanyama enzi za mkoloni huku Bunyoro, kazi yenyewe kufukuza tembo wasimalize mashamba ya watu. Aliacha bunduki moja ya bolti, leseni alikuwa nayo, na baada ya matanga baba mkubwa akaipeleka polisi na karatasi zake zote, iko stoo yao mpaka leo tunasubiri mambo ya mirathi. Kabla haijaenda nilipiga picha saba, ziko hapo juu.

Sasa kuna mzungu wa minada ya mtandaoni nilimtumia hizo picha, anasema ni Rigby, ya kampuni ya bunduki ya London, kipimo cha .275, ati aina ile ile aliyotumia Bell wa Karamoja, yule mzungu mwindaji wa tembo, anauliza tunataka ngapi. Mwingine nikamtumia hizo hizo akajibu ni Mauser ya jeshi imechongwachongwa, thamani yake ni vipuri tu. Ninachoona mimi: mtutu juu umeandikwa jina la Rigby na London. Risiva, kile chuma cha nyuma ya mtutu ambamo bolti inateleza, ubavu wa kushoto ina kikato cha dole gumba. Pale juu ambapo huwa na nembo pamesagwa, hakuna kitu. Namba ya bolti na ya risiva hazifanani. Nani anasema ukweli kati ya hawa wawili?

Moroto_Kwetu
Kama ni ya Bell irudi Karamoja haraka sana 😂 huyo mzee alivuna tembo wetu zaidi ya elfu moja na hatukuachiwa hata jino. Lakini kwa habari ya risasi mzungu wako hajadanganya, Bell alipenda sana hiyo ya 7 mm, risasi nyembamba ndefu, analenga ubongo basi. Wenzake walibeba mizinga mabegani yeye anatembea na kitu chepesi.

Afande_Mstaafu
Kijana, hongera kwanza kwa kuipeleka polisi, wengi huficha darini halafu inawaletea balaa. Nikukumbushe mambo mawili. Sheria yetu ya Silaha ya 1970 inampa mtu leseni, haiipi nyumba wala ukoo. Babu akifariki ile karatasi haigeuki kuwa ya baba mkubwa, lazima aombe upya kwa jina lake. Na huyo mzungu usizungumze naye bei sasa hivi, silaha haitoki nchini kwa basi la usiku, inataka vibali vya huku na vya huko anakoipeleka. La pili picha ya 3 namba inasomeka yote, ifute tarakimu za mwisho. Watu wanachukua namba ya bunduki halali wanaigonga kwenye haramu.

Mjukuu_wa_Masindi
Nimeifuta afande, asante.

Chuma_na_Tupa
Mimi naona jibu ni rahisi. Hicho kikato cha dole gumba kiliwekwa kwa ajili ya vita, askari anaweka kibanio cha risasi tano juu anasukuma kwa dole zote zinaingia magazini. Mwindaji anakitakia nini? Ukiona kikato ujue risiva ni ya jeshi. Pia wamesaga nembo maana ilikuwa ya nchi fulani. Huyo wa pili ndiye mkweli, Rigby ni jina tu limepachikwa.

Kitabu_Kizee
@Chuma_na_Tupa hapo umekimbia sana ndugu. Kiwanda cha Mauser pale Oberndorf kiliuza risiva nyingi za uwindaji zikiwa na kikato hicho hicho, mashine zilikuwa zile zile. Halafu watu wanapaswa kuelewa kitu kimoja: Rigby ndio waliokuwa mawakala wa Mauser Uingereza kuanzia mwisho wa miaka ya 1890 mpaka 1912. Rigby ya bolti ya wakati ule ndani yake ni Mauser. Risiva inatoka Ujerumani, London wanaweka mtutu, mti wa kushikia, saiti, wanaandika jina. Na hiyo .275 yao ni risasi ya 7x57 ya Mauser, ile ya 7 mm, imebadilishwa jina kwa vipimo vya Kiingereza. Kwa hiyo usiulize "Rigby au Mauser", uliza nani aliigusa hiyo risiva baada ya kutoka Oberndorf, kama kweli ilitoka Oberndorf.

Busia_Mpakani
Naongeza njia nyingine ambayo hamjaigusa. Makaburu! Serikali za Makaburu zilinunua Mauser nyingi za 7 mm kabla ya vita vyao na Mwingereza, zimeandikwa ubavuni Mod. Mauser 1896 na jina la Ludwig Loewe wa Berlin, na baadaye kidogo zikaja za DWM, kiwanda kingine cha Ujerumani. Vita viliisha 1902. Mwaka 1908 msafara wa Van Rensburg ukaleta familia za Makaburu na mikokoteni yao ya ng'ombe mpaka Uasin Gishu, ndio Eldoret ya leo. Eldoret mpaka Malaba ni hapo hapo. Walikuwa wawindaji, walivuka, waliuza, walibadilishana. Bunduki ya 7 mm kufika Bunyoro kwa njia hiyo si ajabu hata kidogo kuliko hadithi ya Bell.

Moroto_Kwetu
Busia kila kitu lazima kipitie kwenu mpakani 😂 hata sukari hata Kaburu

Busia_Mpakani
Cheka lakini ndio jiografia

Kitabu_Kizee
Historia ya msafara uko sawa @Busia_Mpakani, ila angalieni picha ya 5 vizuri, pale bolti imetolewa. Mbele kuna meno mawili makubwa, halafu nyuma karibu na mkono kuna jino la tatu. Hilo jino la tatu ni la 98, yaani Mauser ya mfano wa 1898, lile la usalama, meno ya mbele yakivunjika hilo linaizuia bolti isikurudie usoni. Za Makaburu za 1896 hazina. Pia zile zinajikoki wakati unafunga bolti, 98 inajikoki wakati unafungua. Mjukuu unakumbuka uzito ulikuwa wapi ulipoivuta?

Mjukuu_wa_Masindi
Kufungua ndio kulikuwa kugumu, kufunga kunateleza.

Busia_Mpakani
Lakini amesema bolti si ya bunduki hii! Namba hazifanani. Jino la tatu linaweza kuwa la bolti ngeni kwenye risiva ya Kaburu.

Chuma_na_Tupa
Haiingii bwana. Jino la tatu linahitaji nafasi iliyochimbwa kwenye daraja la nyuma la risiva, ya 1896 haina hiyo nafasi. Labda mtu achimbe, na akichimba utaona. Hii risiva ni 98, hilo tufunge. Tunabishana ni 98 ya nani.

Fundi_Katwe
Nimekaa kimya nasoma. Mimi si mtu wa bunduki, mimi ni mtu wa chuma, miaka yote ni grainda na weldingi, kwa hiyo niwaambie ninachokiona kwa jicho la chuma.

Picha ya 2, ile sehemu ya nembo. Angalieni mstari wa mwanga unavyopita juu ya pete ya risiva. Kwenye ukingo unapita mviringo safi, ukifika katikati unalala, kuna bapa pana kama kucha ya dole gumba. Hiyo haijasagwa na kiwanda, kiwanda husaga kwa mashine inayozunguka na pete inabaki mviringo. Hiyo ni mkono, tupa au jiwe, halafu msasa kuficha mistari, na mistari mingine bado ipo imekatiza. Aliyefanya alikuwa na haraka.

Picha ya 4, mkono wa bolti. Umeinamishwa, na pale unapoungana na mwili kuna kivimbe kidogo na rangi yake si sawa na bolti nyingine, ni kijivu kilichofifia. Huo mkono umekatwa na kuchomelewa. Sasa swali langu kwa wanaojua, hiki chuma kimewekewa ugumu wa juu tu au kigumu mpaka ndani? Kama ni ngozi tu basi moto wa weldingi bila kitambaa cha maji au kitu cha kunyonya joto unaweza kulainisha mpaka kwenye meno.

Kitabu_Kizee
Fundi heshima kwako. Ni ngozi tu. Mauser za zamani ni chuma laini chenye kaboni kidogo, kimepewa ngozi ngumu juu. Ndani laini makusudi ili kisipasuke ghafla. Ukilainisha ngozi ya meno, au ukisaga pale yanapoegemea ndani ya risiva, kila mlio yanazama kidogo kidogo. Nafasi ya ganda inaongezeka mpaka siku moja ganda linapasuka nyuma na gesi inakuja upande wako. Kwa hiyo bolti ngeni PLUS mkono wa kuchomelea, hiyo bunduki isipigwe hata risasi moja ya majaribio kabla haijapimwa kwa geji.

Afande_Mstaafu
Haitapigwa iko stoo ya polisi. Lakini umesema vizuri, kesho wakipata leseni kijana mmoja wa ukoo atataka kujaribu.

Mtoto_wa_Nsambya
Fundi usiseme ilichongwa Katwe tu 😅

Fundi_Katwe
Katwe tungeisaga mviringo

Dada_wa_Jinja
Habari zenu, nimesoma yote naomba niulize. Picha ya 6, ambapo mtutu unaingia kwenye mti upande wa kushoto, kuna vialama vitatu vidogo. Kimoja naona kama taji na herufi chini yake. @Mjukuu unayo picha hiyo kwa ukubwa wake wa asili? Humu ukipandisha inapunguzwa.

Mjukuu_wa_Masindi
Ninayo dada. Nimeikuza. Ni taji kweli, chini yake BNP. Pembeni kuna maandishi yamefifia ila neno TONS linasomeka, namba mbele yake haisomeki vizuri.

Kitabu_Kizee
Dada wa Jinja umetuzidi wanaume wote humu ndani.

BNP yenye taji ni mhuri wa ofisi ya upimaji wa silaha ya Birmingham, na mhuri huo ulianza na kanuni za 1954. Kabla ya hapo Birmingham waligonga BP, BV na NP mbalimbali. Na hilo neno TONS linaenda na kanuni hizo hizo, shinikizo kwa tani. Bunduki ya uwindaji ya kabla yake kwa kawaida ingekuwa na neno Cordite, aina ya baruti, na uzito wa baruti na risasi. Maana yake huo mtutu ulipimwa 1954 au baadaye. Bell alifariki 1954 akiwa kwao Scotland, na Karamoja alikuwa ameiacha tangu kabla ya Vita vya Kwanza. Hadithi ya Bell kwa mtutu huu imekwisha.

Moroto_Kwetu
Kwa MTUTU. Risiva je? Mtutu huku kwetu ni kitu cha kuisha. Mjomba wangu wa Soroti alikuwa na .303 ya leseni, mtutu ulibadilishwa, kitako kilibadilishwa, yeye bado anaiita ile ile ya baba yake. Risasi za zamani baruti yake ya kuwashia ilikuwa inaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, usiposafisha kwa maji ya moto jioni hiyo hiyo asubuhi kutu. Sasa weka hiyo kando ya Ziwa Albert miaka arobaini. Mwindaji yeyote mwenye Rigby ya 1908 angepeleka Uingereza kuwekewa mtutu mpya miaka ya hamsini.

Chuma_na_Tupa
Angepeleka Rigby wenyewe basi, na Rigby wako London, London ina ofisi yake ya upimaji. Mbona Birmingham?

Kitabu_Kizee
Hiyo si hoja ya kufunga kesi. Maduka mengi ya London yalitegemea mafundi wa Birmingham, mtutu unatengenezwa na kupimwa huko, jina linaandikwa London. Inatilia shaka lakini haiui.

Arusha_Porini
Salamu kutoka Arusha. Mimi naona Parker-Hale, watengenezaji wa bunduki. Walikuwa Birmingham, mhuri ni wa Birmingham, miaka inalingana, na walijenga bunduki nyingi sana za uwindaji kwa risiva za 98 na zikajaa Afrika Mashariki. Nyingi za baadaye walitumia risiva za Santa Barbara za Hispania. Mtu baadaye akafuta jina lao akaandika Rigby.

Chuma_na_Tupa
Parker-Hale wangesaga nembo waache bapa namna hiyo? Fundi amesema ni kazi ya mkono ya haraka. Na mkono wa bolti pia. Kiwanda hakitoi kitu hivyo.

Arusha_Porini
Kiwanda hapana. Aliyekuja baada ya kiwanda ndiyo.

Fundi_Katwe
Sasa mmenigusa. Turudi kwenye picha ya 1, maandishi yenyewe ya Rigby. Mtutu una vishimo vya kutu, vidogo kama vya sindano. Angalieni herufi R na G. Mstari wa herufi umekata katikati ya kishimo, na ndani ya kishimo mstari unaendelea safi una kingo kali. Kama herufi zingetangulia na kutu ikaja baadaye, kutu ingekula kingo za herufi, zingekuwa zimemomonyoka. Hapa herufi ndiyo imekuja juu ya kutu. Halafu rangi ya bluu ya mtutu imekatwa na herufi, ndani ya herufi hakuna rangi. Mtu aliandika hilo jina mtutu ukiwa tayari mzee.

Mjukuu_wa_Masindi
Banange. Kwa hiyo jina ni la uongo?

Kitabu_Kizee
Linatia wasiwasi sana. Ila kuna watu hupitisha kalamu ya chuma kwenye maandishi yaliyofifia ili yasomeke, wanachimba upya juu ya yale ya zamani. Wakifanya hivyo unaona kama alivyoeleza Fundi. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kama kuna mstari wa zamani chini ya mpya, herufi zina kivuli cha pili.

Fundi_Katwe
Kwa picha sikioni kivuli, lakini kwa picha siwezi kuapa.

Dada_wa_Jinja
Kampuni ya Rigby bado ipo London na daftari zao za zamani wanazo. Namba ya Rigby yenyewe, ile yao, si ya Mauser, ikipatikana wanaweza kuangalia ilitoka lini na kwa nani. Iko wapi namba hiyo?

Mjukuu_wa_Masindi
Namba niliyoiona ni ile ya risiva na ya bolti tu. Chini ya mti sijafungua.

Mtoto_wa_Nsambya
Swali la kijinga, lakini kama risiva ni ya kiwanda kizuri kwa nini bei ishuke? Chuma si ni kile kile?

Chuma_na_Tupa
Si la kijinga. Anayenunua kitu cha zamani ananunua ukamilifu wake. Raleigh ya mzee yenye fremu yake, tandiko lake, taa yake na kengele yake utaiuza vizuri, fremu ile ile ukiiwekea magurudumu ya China na rangi ya duka unauza usafiri. Rigby nzima yenye mti wake na saiti zake inaenda maelfu ya pauni. Risiva ya 98 iliyosagwa, bolti ngeni, mkono wa kuchomelea, mtutu wa jina la mashaka, hiyo unauza chuma cha kuanzia kazi. Na kuna wanaonunua hizo pia, mafundi wa Ulaya na Marekani wanajengea juu yake, lakini hata wao watalia na ile bapa ya nembo.

Afande_Mstaafu
Mmezama kwenye chuma mmesahau karatasi. Kijana, leseni ya babu imeandikwa nini? Na jambo zito zaidi, hii bunduki alinunua mwenyewe au alipewa kazini? Idara ya Wanyama ya wakati ule chini ya Kapteni Pitman, aliyekuwa mkuu wake kuanzia 1925, iliwapa askari wa tembo silaha za serikali. Kama ilikuwa ya idara basi hata mirathi ya nini.

Mjukuu_wa_Masindi
Afande umenishtua. Nakala ya leseni ninayo kwenye simu. Imeandikwa Mauser 7 mm, bolti, na namba. Rigby haijatajwa popote. Leseni ya zamani kabisa tuliyonayo ni ya 1958. Bibi anasema babu aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la pamba aliyekuwa anaondoka, lakini risiti hakuna.

Afande_Mstaafu
Kama leseni ilikuwa kwa jina lake binafsi hiyo inasaidia sana, ya idara isingeandikwa hivyo. Itunze hiyo nakala kuliko picha.

Arusha_Porini
Na namba kwenye leseni ya 1958 ni ya risiva au ya bolti? Hapo utajua bolti ngeni iliingia kabla au baada.

Mjukuu_wa_Masindi
Ni ya risiva.

Chuma_na_Tupa
Basi risiva haijabadilika toka 1958. Na mwaka huo jina la Rigby lingekuwapo juu ya mtutu kwa herufi kubwa namna hiyo, karani angeliacha?

Kitabu_Kizee
Karani aliandika alichoambiwa. Nimeona leseni za .404 zimeandikwa "bunduki ya tembo". Usimtegemee karani.

Busia_Mpakani
Mzungu wa pamba alikuwa anatoka wapi? Kama ni Kenya magharibi mimi bado sijakubali kushindwa.

Moroto_Kwetu
Busia pumzika 😂

Nyika_ya_Nwoya
Nje ya mada kidogo, huku Nwoya tembo wa Murchison bado wanaingia mashambani kila msimu wa mahindi, siku hizi kuna waya wa umeme sehemu fulani. Babu zetu walikesha na debe na moto na askari mmoja mwenye bunduki kwa vijiji vingi. Mimi ningeiona hiyo bunduki Makumbusho ya Uganda pale Kitante na jina la babu yako pembeni, hata kama ni Mauser ya jeshi. Kwa Mwingereza ni vipuri, kwa Bunyoro ni kazi ya mtu.

Mjukuu_wa_Masindi
Ahsante ndugu wa Nwoya, baba mkubwa amesema hivyo hivyo, shangazi wanataka bei. Kikao bado. OC, mkuu wa kituo cha polisi, ameturuhusu kuja kuikagua wiki ijayo mbele ya mtunza stoo. Nibebe nini?

Kitabu_Kizee
Kalipa. Pima kipenyo cha pete ya mbele ya risiva. Ikiwa karibu 35.8 mm ni pete kubwa ya kawaida ya 98. Ikiwa karibu 33 mm tunaingia habari nyingine kabisa, kuna 98 za pete ndogo, kwa mfano zile fupi za G33/40 zilizotengenezwa kiwanda cha Brno, nchi ya Wacheki, wakati wa Vita vya Pili. Na soma ubavu wote wa kushoto kwa tochi uliyoilaza ili mwanga upite kwa pembeni, Brno walipenda kuandika jina la kiwanda hapo na wasagaji hukumbuka nembo ya juu wanasahau ubavu.

Fundi_Katwe
Beba kioo cha kukuzia kwa zile herufi R na G. Usipake mafuta kwanza, mafuta yanaficha kingo. Mtunza stoo akikubali screw mbili za chini zifunguliwe, tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji, usizikwaruze. Ukitoa mti piga picha tumbo la risiva na chini ya mtutu, huko ndiko hakuna aliyewahi kuona sababu ya kusaga.

Dada_wa_Jinja
Na mihuri yote ya taji, kila mmoja peke yake, picha ikiwa imetulia. Kama kuna wa London umejificha chini ya mti ubishi unaanza upya.

Arusha_Porini
Na tazama kama kuna jina lingine limefutwa mbele kidogo ya hilo la Rigby. Mtutu unakuwa mwembamba pale ulipofutwa, kalipa itakuambia.